Bahasha ya kaki haitoshi

Nimeadimika hapa kibarazani kwa wiki kama tatu hivi. Waliouliza kama naumwa, nashukuru kwa kunijali, mie mzima wa afya. Nilikuwa likizo, nyumbani Ukata, wilayani Mbinga, mkoani Ruvuma. Wasioijua Ukata tafadhali wasicheke jina. Ndiyo, kwa Kiswahili ukata ni kukaukiwa na fedha, na kila nikijitambulisha mjini lazima apatikane mmoja wa kufanya mzaha. Lakini njoo milimani kwetu msimu wa kahawa, uone watu wanavyoamka na baridi ile kwenda shambani, ndipo utajua kuwa watu wa huku wanaweza kukosa fedha lakini juhudi hawajaikosa.

Hata hivyo leo sina habari ya kahawa. Nina habari ya bahasha ya kaki.

Usiku mmoja tulikuwa jikoni kwa mama mdogo tunaota moto. Binti yake, yaani mdogo wangu, anasoma stashahada ya famasi, yuko mwaka wa mwisho. Akaingia chumbani akatoka na bahasha ya kaki, ile kubwa, imekunjwa kwa adabu kama nguo ya kwenda kanisani.

"Kaka, wewe umezoea mambo ya maofisini. Hebu niangalizie hizi karatasi, kama mtu akiziona anaweza kunipa kazi."

Nikazitoa moja moja. Cheti cha kuzaliwa. Cheti cha kidato cha nne. Matokeo ya chuo mpaka muhula uliopita (na ni mazuri, si haba). Vyeti viwili vya kuhudhuria semina. Halafu wasifu wa ukurasa mmoja, ambao unasema yeye ni mchapakazi, mwaminifu, anajituma na anaweza kufanya kazi bila kusimamiwa. Hapo nikacheka. Hayo maneno yamo katika kila wasifu niliowahi kuuona, ukiwemo wangu mwenyewe. Na kwa mtu anayetaka kukabidhiwa dawa za watu, hiyo ya "bila kusimamiwa" si sifa, ni tishio.

Nikamuuliza, "Umefanya nini?"

"Nimesoma, kaka."

"Najua umesoma, karatasi zinasema. Nauliza umefanya nini?"

Akanyamaza. Mama mdogo akageuza kuni. Baadaye akasema, "Nilienda fildi. Nilikaa zahanati wiki 8."

Basi hapo ndipo mazungumzo yalipoanza. Nikachukua kalamu, tabia ya kazi hii yetu, nikamwambia anisimulie siku moja baada ya nyingine. Alikumbuka mama mwenye mtoto anayeharisha, ambaye alitaka kuacha kumpa zinki siku ya pili kwa sababu choo kilikuwa kimeshaanza kukaza. Alimweleza kwamba zinki hutolewa siku 10 hadi 14 hata kama mtoto ameshachangamka, na yule mama akaelewa. Alikumbuka mzee mwenye shinikizo la damu aliyekuwa anameza vidonge siku kichwa kikiuma tu. Alikumbuka kuhesabu dawa za stoo na mganga mfawidhi, wakakuta leja inasema hivi na rafu inasema vingine, wakakesha kutafuta kosa liko wapi. Nilikuwa naandika huku nashangaa. Binti huyu kumbe amefanya kazi!

Lakini tulipomaliza kuhesabu, katika wiki 8 zile, siku alizoweza kuzieleza vizuri zilikuwa 11. Nyingine zote zimepotea. Alikuwepo kazini, alifanya kitu, alijifunza kitu, lakini hakuandika. Chuo kilimpa daftari la kumbukumbu za mafunzo, ndiyo. Akaniambia ukweli, na nampenda kwa ukweli huo, kwamba alilijaza lote usiku wa mwisho kabla ya kurudi chuoni. Kalamu moja, mwandiko mmoja, "nilitoa dawa", "nilitoa dawa", "nilipanga stoo", kisha likagongwa mhuri.

"Wote tunafanya hivyo, kaka."

Naamini. Na ndiyo maana naandika.

Hoja yangu ya leo ni hii. Mwanafunzi wa famasi anahitaji mkoba wa kazi, kile ambacho wataalamu wanakiita potifolio, na anahitaji kuanza kuujaza siku ya kwanza anapoingia kwenye dirisha la dawa, si siku ya kuandika barua ya kuomba kazi. Mkoba wa kazi si bahasha ya vyeti. Cheti kinasema umefaulu mtihani. Mkoba unaonyesha umefanya nini, ulifikiri nini ulipokuwa ukifanya, ulikosea wapi, ukarekebisha vipi, na nani alikuwepo akaona.

Kwa lugha yetu neno cheti lina maana mbili, na zote zinamhusu mfamasia. Kuna cheti cha chuo na kuna cheti cha daktari. Cheti cha daktari kinasema mgonjwa apewe dawa gani. Hakisemi kama alizielewa, kama alizimeza, kama alipona. Cha chuo nacho ni hivyo hivyo. Kinaeleza ulichopewa, hakielezi kama kimeingia.

Watu wa Mbinga hatupaswi kufundishwa jambo hili. Ukipeleka kahawa kwenye chama cha msingi, husimami mlangoni ukasema mimi mkulima hodari, nilipeni. Kahawa inapimwa, kilo zinaandikwa, unaondoka na stakabadhi. Ukiipoteza stakabadhi, kaeleze vizuri. Mdogo wangu alivuna wiki 8 akarudi na stakabadhi ya siku 11.

Mtu anaweza kusema, wewe mwandishi wa habari famasi inakuhusu nini? Inanihusu kwa sababu natoka Ruvuma, na Ruvuma ina historia yake katika jambo hili la dawa.

Wale wa rika la wazazi wetu wanayakumbuka maduka ya dawa baridi. Kwa sheria yaliruhusiwa kuuza dawa zile zisizohitaji cheti cha daktari. Kwa vitendo, mengi yaliuza hata zilizohitaji cheti, na wauzaji wengi hawakuwa na mafunzo. Mwaka 2003 iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa, TFDA (ambayo tangu 2019 ni Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA), ikishirikiana na shirika la Management Sciences for Health la Marekani, kwa fedha za mfuko wa Bill na Melinda Gates, ilianza mpango mpya wa Maduka ya Dawa Muhimu. Wauzaji walifundishwa, wamiliki walifundishwa, ukaguzi ukawekwa, na duka likaruhusiwa kuuza orodha maalumu ya dawa za cheti kwa masharti. Sharti mojawapo lilikuwa kuweka kumbukumbu za dawa zinazotolewa. Na majaribio ya mpango huo yalifanyika wapi? Hapa kwetu Ruvuma, Mbinga ikiwemo. Baadaye ukaenda Morogoro, kisha mikoa mingine ya Tanzania Bara. Leo maduka hayo yako chini ya Baraza la Famasi, lile la Sheria ya Famasi ya mwaka 2011.

Kwa hiyo nchi ilipotaka kujua kama muuzaji wa dawa kijijini anaweza kuaminiwa, ilikuja kuuliza kwetu, na sehemu ya jibu ilikuwa daftari. Andika ulichotoa, ulimpa nani na kwa sababu gani. Muuzaji wa duka la kijijini amekuwa akidaiwa daftari tangu 2003, halafu mwanafunzi wa stashahada, anayetarajiwa kuja kumsimamia, anajaza la kwake usiku mmoja! Hebu tutafakari kidogo hapo.

Na huku kwetu jambo hili si la kutafutia ajira tu. Kuanzia milima ya Mbinga hadi ufukweni Mbamba Bay na Liuli, mgonjwa mara nyingi hakutani na daktari. Anakutana na mtu wa dirishani. Huyo ndiye wa mwisho kuongea naye kabla hajapanda mlima kurudi nyumbani. Chukua dawa mseto ya malaria. Ni dozi 6 kwa siku 3, ya pili humezwa saa 8 baada ya ya kwanza, idadi ya vidonge inafuata uzito wa mgonjwa, na inafaa imezwe pamoja na chakula chenye mafuta kidogo ili mwili uipokee vizuri. Mambo manne, yote yanasemwa kwa dakika mbili, kwa mama mwenye mtoto anayelia na foleni nyuma yake. Je, uliyasema yote? Alirudia akaonyesha ameelewa? Asiyejiuliza maswali haya akiwa mwanafunzi hatajiuliza akiwa na miaka 10 kazini.

Sasa mkoba wenyewe unakuwaje? Mimi si mfamasia, lakini nimewauliza walio kazini, na nimechanganya na ninayoyajua kwenye kazi yangu. Nitayaweka kwa kifupi.

Kwanza, nunua kaunta buku. Usisubiri kompyuta. Kompyuta ikija utachapa, lakini daftari ndilo linalokaa nawe dirishani. Kila siku ya mafunzo, kabla hujalala, andika mambo matatu: nilifanya nini, nilijifunza nini, kitu gani sikukijua ambacho lazima nikakisome. Mistari 10 inatosha. Tarehe, mahali, na cheo cha aliyenisimamia.

Pili, andika kwa undani. "Nilipanga stoo" haimwambii mtu kitu. Ona tofauti hii: "Nilipanga rafu ya dawa za maji ili ile inayotangulia kuisha muda itangulie kutoka. Nilikuta boksi moja la muda mfupi limewekwa nyuma ya la muda mrefu. Nilimwonyesha msimamizi, tukalihamisha na kuandika kwenye leja." Kazi ni ile ile. Ya pili inaonyesha macho yako yanaona nini.

Tatu, weka makosa yako. Hapa mdogo wangu alinikatalia kabisa. "Kaka, niandike nilikosea halafu nimpe mwajiri asome?" Nikamuuliza kosa lenyewe lilikuwa lipi. Alikuwa amechanganya amoksilini ya unga ya mtoto bila kutikisa chupa na kusubiri povu litulie, maji yakapungua kwenye alama. Msimamizi akaliona kabla mama hajaondoka, wakaongeza maji mpaka kwenye alama. Maji yakipungua, dawa inakuwa nzito na kila kijiko kinazidi kipimo. Tangu siku hiyo hajawahi kutoa chupa bila kuinyanyua usawa wa macho. Sasa wewe mwajiri, ukipata waombaji wawili, mmoja anasema sijawahi kukosea, mwingine anakueleza kosa hili na alivyojirekebisha, utampa nani funguo za stoo?

Nne, pata saini ya aliyeona. Si mhuri wa mwisho wa mafunzo tu. Msimamizi asome ukurasa wa wiki ile, aandike hata mstari mmoja, aweke saini na tarehe. Bila shahidi, mkoba wa kazi ni hadithi tu.

Tano, linda siri ya mgonjwa. Usiandike jina, usipige picha cheti chenye jina lake. Na kwa vijiji vyetu hilo halitoshi. Ukiandika "mzee fundi cherehani wa karibu na kanisa mwenye kisukari", hukutaja jina, lakini kata nzima imemjua. Andika "mwanaume, zaidi ya miaka 60", inatosha.

Sita, weka na kazi za nje ya dirisha. Kama uliwahi kwenda shule ya msingi kuwaeleza watoto kwa nini dawa za kuua vijasusumu humezwa mpaka dozi iishe, weka maelezo uliyotumia. Kama ulifanya utafiti mdogo wa chuo, weka ukurasa mmoja wa muhtasari. Usijaze. Mkoba wa kurasa 15 zinazosomeka unashinda wa kurasa 100 za kutishia watu.

Saba, uwe na nakala. Hili nalisema kwa uchungu. Sisi waandishi nasi tuna mkoba wetu, ni vipande vya magazeti tulivyoandika. Nilipokwenda kuomba kazi mara ya kwanza, mhariri hakufungua hata cheti changu cha chuo kikuu. Alisema, "Umeandika nini?" Nikampa daftari nililobandika habari zangu, nyingine za mistari 8 tu, akalisoma lote mbele yangu, na hapo ndipo nilipopata kazi. Lakini daftari hilo lilikuwa la pili. La kwanza, lenye habari zangu zote za mwaka wa kwanza wa kujifunza, nililiacha kwenye boksi chini ya kitanda nyumbani na mchwa wakalila. Mwaka mzima wa kazi, sina hata mstari. Piga picha kurasa zako kwa simu, zihifadhi sehemu nyingine. Mchwa hawajali GPA.

Najua yapo mabishano. La kwanza: serikalini hakuna anayeomba mkoba, wanaomba vyeti na usaili. Ni kweli. Lakini kwenye usaili utaulizwa ulifanya nini ulipokuta dawa zimeisha muda, au utamwelezaje mgonjwa asiyejua kusoma. Aliyeandika siku zake ana majibu ya kweli, mwenye mhuri mmoja atabuni, na mwenye kuuliza anajua. Tena si wote watakaoingia serikalini. Kuna famasi binafsi, kuna hospitali za misheni, kuna mashirika. Huko mtu anaweza kukaa nawe nusu saa akasoma ulichoandika.

La pili: haya ni mambo ya Wazungu. Hapa nakubali nusu. Uingereza, baraza linalosimamia wafamasia, General Pharmaceutical Council, linamtaka kila mfamasia alete kila mwaka kumbukumbu 4 za alichojifunza, mazungumzo aliyofanya na mwenzake kuhusu kazi yake, na andiko moja la kutafakari utendaji wake. Siyo mwanafunzi, ni mfamasia mwenye miaka yake kazini. Kwa nini? Kwa sababu elimu ya dawa inachacha. Si lazima twende Uingereza kuliona hilo. Hapa Tanzania Bara klorokwini ilikuwa dawa ya kwanza ya malaria mpaka 2001 ilipoachiwa nafasi SP, na kuanzia mwishoni mwa 2006 SP nayo ikaipisha dawa mseto. Miaka isiyozidi 6, dawa tatu. Aliyekuwa anategemea cheti chake cha 1995 peke yake alikuwa anatoa nini dirishani mwaka 2007? Kuandika unachojifunza si uzungu. Bibi zetu walikuwa na mafundo kwenye kamba, walijua mimba ina miezi mingapi.

La tatu ndilo zito, na sina jibu jepesi. Wasimamizi wamelemewa. Zahanati ina watumishi wachache, mganga mfawidhi huyo huyo anapima, anazalisha, anaandika ripoti ya kuagiza dawa kutoka Bohari ya Dawa, halafu nimwongezee kusoma daftari la mwanafunzi? Nakubali. Lakini tayari anagonga mhuri kwenye daftari asilolisoma. Naomba dakika 10 za Ijumaa badala ya mhuri huo. Na vyuo navyo viache kupokea madaftari ya usiku mmoja. Mwalimu yeyote anayejua kazi yake anatambua kalamu moja ikipita kurasa 40. Akiikubali, anamfundisha mwanafunzi somo baya kuliko yote katika famasi, kwamba kumbukumbu hujazwa baadaye, ili ionekane ipo. Mtoto aliyefundishwa hivyo ndiye kesho atakayejaza leja ya dawa baada ya mkaguzi kupiga simu kuwa yuko njiani. Hapo hatuzungumzii tena ajira ya mtu. Tunazungumzia dawa ambazo kwenye karatasi zipo na rafuni hazipo, na mgonjwa aliyetembea saa tatu kuzifuata.

Kabla sijaondoka Ukata, mdogo wangu alikwenda dukani akanunua kaunta buku la kwire mbili. Ukurasa wa kwanza akaandika jina lake, chuo, na sentensi moja ya anachotaka kuwa. Nikamwambia aanze na zile siku 11, aandike wazi kwamba anaandika kwa kumbukumbu, baada ya muda, asijifanye aliandika siku ile ile. Akanitazama.

"Na hizo nyingine, kaka?"

"Hizo ziache wazi."

Amebakiza awamu moja ya mafunzo kwa vitendo kabla ya kumaliza. Safari hii amesema ataandika kila usiku, hata kama ni kwa kibatari. Tutaona. Nimemwambia akirudi nitaomba kulisoma, na nitaangalia kama kalamu imebadilika.

Ni hayo tu kwa leo, wapenzi wa kibaraza hiki. Kama una mtoto, mdogo au mpwa anayesoma famasi, usimuulize amepata GPA ngapi. Muulize jana alifanya nini, na ameandika wapi.

Alamsiki.